Saa za Mwanafunzi ni za Nani?

Maandiko: Marko 7:9–13, Luka 2:41–52



Jumapili iliyopita tuliwaita mbele vijana wetu wanaoripoti chuo kikuu mwezi huu, tukawawekea mikono. Mzee aliyeongoza aliomba vizuri: usalama wa barabarani, karo, afya, marafiki wema. Mwishoni akamwomba Mungu awasaidie wasome tu, wasijiingize kwa mambo mengine ya huko. Amina iliyofuata ilikuwa kubwa kuliko zote, na ilitoka upande wa wazazi. Vijana niliwaangalia. Amina yao ilikuwa ya adabu tu.

Nimekaa na ombi hilo wiki nzima. Si kwamba ni baya. Ila ndani yake kuna swali ambalo kama kanisa tunalipita haraka. Kijana akifika kampasi, zile saa zake za mchana na usiku ni za nani? Akitumia Jumamosi yake kwa klabu ya Msalaba Mwekundu, ama kwa mazoezi ya kwaya, ama kuwatafutia wenzake kura, anatoa kitu chake au anatoa kitu cha mtu mwingine?

Mimi nilisomea biashara, na tabia moja niliyobaki nayo ni kuuliza kwanza nani ameweka mtaji. Kwa mwanafunzi wa Kenya, wenye mtaji ni wengi. Kuna mzazi. Kuna HELB, ambayo watoto wetu wengine huipokea kama zawadi ya Krismasi wakati ni deni lenye riba, na litawafuata hadi kwenye payslip ya kwanza. Kuna mlipa kodi ambaye hajawahi kuona geti la chuo. Halafu kuna ninyi. Harambee tuliyofanya hapa kanisani mwezi wa saba, kuna waliotoa noti ya mia ambayo ilikuwa nauli yao ya Jumatatu. Mtu aliyetembea kwa miguu kwenda kazini ili mtoto wa jirani asome ana haki ya kuuliza huyo mtoto anafanya nini saa nane mchana.

Kwa hivyo nianze na upande wa mzazi, kwa sababu una nguvu kuliko vijana wanavyokubali.

Mwaka jana mama mmoja wa kanisa hili, mama mboga (ameniruhusu niandike, mradi nisimtaje), alikuja kwangu akiwa na barua ya chuo mkononi. Kijana wake alikuwa amezuiwa kufanya mitihani ya masomo mawili kwa sababu ya mahudhurio. CAT moja hakufanya kabisa. Mama akaniambia, “Pasta, mimi naamka saa tisa usiku kwenda soko. Hii karo imetoka kwa mafungu ya sukuma wiki. Sasa niambie, nimekosea wapi?” Alidhani kijana ameingia kwa pombe. Tulipomwita, hakuwa na pombe wala msichana. Alikuwa kwenye kamati ya CU, Christian Union ya chuo chao, na semesta nzima alikuwa akipanga misheni, kesha, na mapokezi ya wahubiri. Akatuambia kwa upole kabisa, “Nilikuwa kwa kazi ya Mungu.” Na akatoa andiko. Yesu akiwa na miaka kumi na miwili alibaki Yerusalemu, wazazi wakamtafuta siku tatu, naye akawajibu kwamba alipaswa kuwa kwenye mambo ya Baba yake.

Nilimwambia afungue hapo hapo asome mwenyewe. Kwanza, Yesu alikutwa akifanya nini hekaluni? Alikuwa ameketi katikati ya walimu, akiwasikiliza na kuwauliza maswali. Hiyo tunaita kuhudhuria darasa. Pili, twende mpaka mstari wa 51. Aliteremka nao Nazareti, akawa chini yao. Vijana wengi wanaolipenda andiko hilo huwa wanalifunga kabla ya kufika hapo.

Kisha tukaenda Marko 7. Kulikuwa na desturi kwamba mtu anaweza kuchukua kile ambacho wazazi wake wangesaidiwa nacho, akakiita Korbani, yaani kimetolewa kwa Mungu, na baada ya hapo wazazi hawana la kudai. Kwa nje inaonekana ni utakatifu. Nani atabishana na sadaka? Lakini Yesu aliikemea vikali, akasema kwa njia hiyo wameitangua amri ya Mungu ya kuheshimu baba na mama. Jambo linalonishika hapo ni kwamba Yesu hakusema Mungu hastahili sadaka. Shida ni kwamba kilichotolewa kilikuwa kimeshawekewa jina la mtu mwingine.

Saa ya mhadhara ina jina juu yake. Imeandikwa jina la yule mama wa saa tisa usiku. Ukiichukua ukaipeleka kwa kesha, umemtolea Mungu kitu cha mama yako, tena bila kumuuliza. Na hii haibadiliki kwa sababu shughuli ni ya kiroho. Nasema hivyo nikiwa mchungaji ninayependa kesha.

Tusifike mahali pa kudhani basi CU ndiyo adui wa masomo. Alfajiri ya tarehe 2 Aprili 2015, magaidi walipovamia Chuo Kikuu cha Garissa, wanafunzi wa Christian Union walikuwa tayari wamekusanyika kwa maombi. Watu 148 waliuawa siku hiyo, wengi wao wanafunzi. Kila Aprili nikiwakumbuka huwa naikumbuka saa waliyoichagua: alfajiri, kabla ya vipindi. Walichompa Mungu kilikuwa usingizi wao wenyewe.

Sasa nigeukie wazazi, kwa sababu amina yenu ilikuwa kubwa sana.

Hebu tufanye hesabu kidogo. Wiki ina saa 168. Mwanafunzi mwenye masomo saba, kila moja saa tatu za darasani kwa wiki, ana saa 21. Tumwongezee nyingine 21 za kusoma peke yake maktabani, ambazo wengi hawafiki, lakini tumwekee. Alale saa nane kila usiku, hizo ni 56. Kula, kuoga, kufua, kupika, kutembea kutoka hosteli, tuseme saa tatu kwa siku, hizo ni 21. Jumla 119. Zinabaki saa 49. Toa ibada ya Jumapili, na kwa kuwa sisi ni Wapentekoste nitatoa saa nne nzima. Bado ana 45 kila wiki.

Hizo 45 ni za nani? Mzazi akisema “soma tu”, hawezi kumaanisha kwamba kijana asome saa zote hizo pia. Hakuna binadamu anayeweza. Anachomaanisha ni kwamba saa zinazobaki zisiende popote. Kijana akae chumbani, awe salama. Lakini saa haikai bure. Kama haiendi kwa klabu itaenda kwa simu, kwa mechi za kubashiri, kwa sinema za Kikorea hadi alfajiri, na mzazi hatajua kwa sababu kijana “yuko tu hosteli”. Ukweli ni kwamba kijana anayenitia wasiwasi zaidi ni yule ambaye hakuna mtu yeyote chuoni angegundua kama hakuonekana wiki mbili.

Kuna jambo la ndani zaidi. Mzazi, wewe ni mwekezaji au ni mtoaji? Nimesoma vitabu vya wawekezaji. Mwekezaji anaweka pesa, anangoja faida, na ana haki ya kumwambia msimamizi atumie kila dakika kwa kile kinacholeta faida. Lakini mtoto wako si kampuni. Ukimlipia karo kwa sababu ni mtoto wako, umempa kitu, na ukishampa mtu kitu unamwachia pia nafasi ya kukua kuwa mtu, si cheti kinachotembea. Mtaniambia, Pasta, hizo ni maneno za mtu ambaye watoto wake bado wako nasari. Ni kweli wako nasari. Lakini fikirieni wale waliochanga zamani.

Mwezi wa Septemba 1959 ndege iliondoka Nairobi ikiwa na wanafunzi 81 waliokuwa wakienda vyuo vya Marekani, katika mpango ambao Tom Mboya aliupigania. Watu wa vijijini walichanga kwa ajili ya vijana wa aina hiyo. Sidhani kuna mzee aliyetoa senti zake akitarajia kurudishiwa karatasi. Walitarajia watu. Mwaka uliofuata, 1960, Wangari Maathai alikwenda kusoma Kansas, katika chuo cha Mount St. Scholastica, akasomea biolojia. Sote tunajua alikuja kupewa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2004. Lakini ile kazi ya miti, Green Belt Movement, aliianzisha mwaka 1977 chini ya Baraza la Kitaifa la Wanawake wa Kenya. Lilikuwa jambo la kujitolea na wenzake, nje ya kazi yake ya kufundisha chuoni. Biolojia ilimpa ujuzi. Kukaa kwenye vikao na wanawake wengine, kusikiliza shida zao za kuni na maji, kulimpa mahali pa kuutumia huo ujuzi. Mzazi anayelipia la kwanza na kukataza la pili amelipia nusu.

Msimamo wangu basi ni huu, na mzee wetu wa maombi tumeshauzungumza naye. Saa zilizolipiwa si za kijana kuzitoa sadaka, hata kwa Mungu. Na saa zinazobaki si za mzazi kuzifungia.

Najua mtu atauliza, na siasa za chuo je? Hapo kuna pesa, kuna ukabila, kuna ugomvi, kuna pombe inayogawiwa usiku wa kampeni. Kweli. Sheria ilibadilishwa mwaka 2016 ili wanafunzi wachague wajumbe, kisha wajumbe ndio wachague viongozi. Lakini moyo wa mwanadamu haukubadilishwa na bunge. Kura chache zinaweza hata kuwa rahisi kununua kuliko kura nyingi. Sasa je, aliyeokoka akae mbali?

Mimi huwa namwangalia Danieli. Yeye chuo hakukichagua. Alichukuliwa mateka, akawekwa kwenye masomo ya miaka mitatu ya lugha na elimu ya Wakaldayo, akabadilishwa hata jina. Tungetarajia akatae kila kitu. Lakini masomo aliyakubali, na akafaulu sana. Utumishi wa mfalme aliukubali. Mstari aliuchora mahali pamoja, kwenye chakula, na hata hapo hakuandamana wala kutukana mtu. Alimwendea msimamizi akamwomba jaribio la siku kumi. Huo ni ustadi. Alijua kanuni, alijua ni nani wa kumwendea, alileta pendekezo linaloweza kupimwa. Na hakuwa peke yake, alikuwa na wenzake watatu. Kijana anayeingia uongozi wa wanafunzi bila wenzake watatu wa kumwambia “hapana, hiyo pesa usiguse”, huyo ningemwomba angoje mwaka mwingine.

Zaidi ya hayo, hata CU ina siasa zake. Wanaoijua wanacheka sasa hivi.

Halafu kuna swali la nia. Vijana wengi wanaingia klabu kwa sababu ya CV. Wameambiwa waajiri wanataka “uzoefu wa uongozi”, kwa hiyo mtu anakuwa katibu wa vyama vitatu na hajui ajenda ya hata kimoja. Wengine wanakwenda kutembelea nyumba za watoto yatima, wanapiga picha, wanarudi. Je, wema uliofanywa kwa ajili ya cheti ni wema?

Niko na maoni mawili hapa na sijayafanya yakubaliane. Kwa upande mmoja, Paulo katika Wafilipi 1 anawajua watu wanaohubiri kwa husuda na kwa fitina, na bado anafurahi kwa sababu Kristo anahubiriwa. Damu iliyotolewa kampasi kwa sababu ya soda na biskuti bado ni damu, na mama anayejifungua hospitalini akivuja haulizi aliyeitoa alikuwa na nia gani. Kwa hiyo kijana aliyekuja kwa ajili ya CV simfukuzi. Wengi wanakuja kwa biskuti na kubaki kwa upendo. Kwa upande mwingine, Yesu katika Mathayo 6 anasema wanaotoa ili waonekane wameshapata thawabu yao. Kwa lugha ya biashara, invoisi imeshalipwa, hakuna salio. Kile kitendo kimemsaidia mwingine, lakini wewe kimekuacha ulivyokuwa. Na kama chuo kimekusudiwa kukubadilisha, hiyo ni hasara ambayo haionekani kwenye transkripti.

Na tusisahau kuna wanafunzi ambao hizo saa 45 hawana. HELB imechelewa, chakula hakuna, anauza smokie na mayai getini jioni ili alipe kodi ya chumba. Huyo usimhubirie kuhusu klabu. Namfahamu mmoja wa kwetu ambaye alikuwa akifika kwenye ushirika wa CU kila Ijumaa kwa sababu baada ya maombi kulikuwa na githeri, na hakuona aibu kuniambia. Wale waliokuwa wakichanga shilingi hamsini hamsini kununua mahindi na maharagwe nao hawakuwa matajiri. Sijui kama kuna ushiriki wa maana katika maisha ya chuo kuliko huo wa sufuria. Idara ya vijana imeomba tuanze mfuko mdogo wa chakula kwa wanafunzi wetu walio mbali. Mweka hazina atatoa maelezo, na tafadhali tusiugeuze kuwa harambee nyingine ya kutangaza majina.

Hofu ya wazazi nayo tuiheshimu. Haikutoka hewani. Mwaka 1982 Titus Adungosi, mwenyekiti wa chama cha wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, alifungwa miaka 10 baada ya jaribio la mapinduzi la mwezi Agosti. Alifia gerezani mwaka 1988. Chuo chenyewe kilifungwa zaidi ya mwaka mmoja, na vijana wakarudi nyumbani wakakaa. Kuna familia hapa kanisani zilizokuwa na mtoto chuoni wakati huo. Kwao, neno “kiongozi wa wanafunzi” lina sauti nyingine kabisa.

Moja ya familia hizo ndiyo iliyonileta kwenye makala haya. Kuna binti yetu wa mwaka wa pili anayetaka kugombea ujumbe katika idara yake. Maji katika hosteli ya wasichana hayapandi orofa za juu, wanabeba ndoo usiku kwenye ngazi zisizo na taa, na mwenzake mmoja ameshaanguka. Binti anasema barua zimeandikwa, hazijibiwi, kwa sababu hakuna wa kukaa kwenye kikao na kuuliza. Baba yake ni shemasi hapa kwetu. Kaka yake mkubwa alikuwa chuoni mwaka 1982, na kile ambacho baba aliona nyumbani kwao mwaka ule hakijamtoka. Amesema hapana. Hakupaza sauti. Amesema tu kwamba hakumpeleka mtoto chuo kutengeneza maji.

Binti aliniuliza kama kumtii baba ni kuwaacha wasichana kwenye ngazi. Nilimwambia amri ya tano haijafutwa, na pia wale wasichana ni jirani zake, na kwamba akienda kinyume na baba kimyakimya atakuwa na Korbani yake yeye pia. Lazima baba asikie kwanza, na asikie kutoka kwake. Kwa baba nilisema jambo fupi zaidi: ana haki ya kudai alama, na nadhani hana haki ya kudai Jumamosi. Hajakubali. Hajakataa kuendelea kuongea pia.

Alhamisi jioni baada ya maombi watakuja ofisini, wote wawili pamoja na mama. Binti nimemwambia alete ratiba yake ya masomo na matokeo ya semesta iliyopita. Baba nimemwomba aje na maswali yoyote aliyo nayo, mradi la kwanza liwe kuhusu yule msichana aliyeanguka.